Mwaka wa Mguu wa Baba

Fatu hakunipa pole ya maana. Aliingia jikoni kwangu siku ya arobaini ya mume wangu, akaegemeza fimbo yake nyuma ya mlango, akautazama ugali niliokuwa nimeupakua, akasema, "Mpaka leo unapiga ugali wa shangazi. Wako mwenyewe huna." Shangazi anayemsema ni mama yangu. Ugali wa mama ulikuwa na alama yake. Akishaupakua kwenye sahani aliulainisha kwa mwiko uliolowa maji, akiuzungusha mkono mmoja bila kukatiza, na mwisho aliuvuta mwiko juu, ukabaki mkia mdogo umesimama katikati. Mama yake Fatu yeye aliukandamiza bapa, kama kuna mtu kaukalia. Nikamwambia naye apakue sahani ya pili tumwone huyo mwenye wake. Akapakua. Bapa vilevile. Tukacheka mpaka wanawake waliokuwa wanachambua mchele uani wakaja kuchungulia, maana si jambo zuri mjane aliye edani asikike anacheka hivyo. Lakini sisi ni binamu, baba yake ndiye kaka wa mama yangu, na utani wetu umekula chumvi nyingi kuliko wote waliokuwa pale uani.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuishi, na wakiuliza hivyo wanataka niwatajie shule. Shule nilipita tu. Nilitoka nikijua kuhesabu na kusoma kwa kidole, kuandika nilikuja kujifunza nikiwa na watoto mgongoni. Na bado nina nyumba ya matofali hapa Mtawanya niliyoisimamisha mwenyewe, nina mgahawa ambao madereva wa malori wanaujua kwa jina langu, na nimesomesha watoto hadi wengine wanajiona wananijua kuliko ninavyojijua. Hayo yote sikuketishwa chini na mtu nikaambiwa, Somoe, maisha ni hivi na hivi. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na baba alikuwa na maneno mengi lakini ya mzaha. Mimi nilitazama. Na niliyotazama kwa macho makavu bila kupepesa ni ya mwaka mmoja, ule ambao kwetu mpaka kesho tunauita mwaka wa mguu wa baba.

Tulikaa mwendo wa kijiji kimoja kutoka Nanyamba, juu, kwenye udongo mwekundu usioshika maji. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake walishuka alfajiri na mitungi, wakapanda nayo jua likiwa limeshaanza kuchoma, na aliyemwaga maji ovyo alitazamwa kama aliyemwaga damu. Ulikuwa wakati ule vijana wanakimbilia Mtwara kwenye kazi ya bandari mpya, na waliorudi walirudi na viatu na maneno ya Kizungu mawili matatu. Baba hakwenda. Baba alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, alivuka kwa mtumbwi pale Kitaya akiwa kijana, akamwoa mama, akahamia kwao. Kwetu siku zile mwanamume ndiye aliyehama. Alijenga kwenye uwanja wa wakwe, akalima shamba la wakwe, na watoto aliowazaa walikuwa wa mjomba wao. Mjomba wetu ni Issa, baba yake Fatu, yeye peke yake alibaki kwao na mkewe kwa kuwa ndiye mkuu wa ukoo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwa na haja ya kuipandisha. Baba aliishi kwa jembe lake. Jembe lilikuwa ndiyo neno lake zuri mbele ya wakwe, na alilisema vizuri. Nilisikia wanawake wakimsifu kwa mama kwa kumtukana, ndivyo tulivyokuwa tukisifu: huyo mumeo anataka kutuulia waume zetu, mwambie apumzike kidogo.

Basi wakati wa kufyeka shamba jipya, kabla ya mvua za kwanza, shoka lilimteleza likampiga juu ya mguu. Walimleta amekaa kwenye mabega ya wanaume wawili, anacheka, anasema mti umekataa kukatwa na mgeni. Mama alikuwa anatwanga. Hakupiga yowe. Aliweka mchi chini taratibu, akaulaza ili usianguke, ndipo akaenda. Hilo nalikumbuka kuliko damu. Mpaka leo, likitokea baya nyumbani kwangu, mtu akianguka, moto ukishika pazia, mikono yangu kwanza inaweka chini ilichoshika, na sijawahi kuiambia ifanye hivyo. Mjukuu wangu mmoja ana tabia hiyohiyo. Nilimwona juzi akipokea simu ya msiba. Aliweka kikombe mezani, akageuza mshikio upande wake, ndipo akalia.

Kidonda kilikataa. Majani yalichemshwa, unga wa dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, ulinyunyizwa, mguu ukavimba ukawa kama wa mtu mwingine. Mvua zikanyesha, watu wakaingia mashambani, baba yuko kitandani kwenye chumba cha ndani, chumba ambacho kilikuwa na kitanda cha kamba, kamba nyingine ya kutundikia nguo, na tundu moja ukutani la kuingiza mwanga, umbo la yai. Asubuhi mwanga ule ulipiga miguu ya kitanda, mchana ulipanda ukafika kifuani mwake. Mama alimwosha kidonda kila akirudi bondeni. Kabla hajapika, kabla hajanywa, alimimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la udongo, akapiga magoti. Na hayo maji ndiyo yalianza maneno. Mke wa mjomba, mama yake Fatu, alisema kisimani, na maneno ya kisimani hupanda mlima kabla ya mitungi, kwamba Zainabu anashusha na kupandisha bonde zima ili amwogeshee mwanamume mguu uliooza, na watoto wa watu wananuka jasho. Zainabu ndiye mama. Aliambiwa. Alisema tu kwamba maji kayabeba kwa kichwa chake, na kichwa hakijalalamika.

Baba naye hakuweza kukaa bure. Homa ilipomwachia kidogo alijikokota hadi kwenye mkeka kivulini, mguu juu ya kigoda, akamwambia mama alete muhogo. Alimenya muhogo. Kwetu mwanamume kumenya muhogo ilikuwa ni kama mwanamume kufunga kanga. Alimenya kwa kisu kidogo, ganda linatoka refu bila kukatika, akakata vipande, sisi watoto tukavianika juu ya ukuta wa jiko viwe makopa. Watoto wa uwanja mzima walikuja kutazama. Fatu alitunga wimbo papo hapo, kwamba Somoe ana mama wawili, mmoja ana ndevu. Nilimpiga. Naye alinipiga, alikuwa na mikono mizito tangu zamani. Baba alituita wote wawili, akatupa kila mmoja kipande cha muhogo mtamu, akamwuliza Fatu, "Jana ulikula ugali wa muhogo?" Fatu akasema alikula. "Uliuliza nani kamenya?" Fatu akatafuna. Mimi nilitazama uso wa baba kama nitaona aibu, maana ningeiona aibu hata mimi ningeona aibu. Sikuiona. Aliendelea kumenya, na ganda halikukatika.

Sasa nieleze chitala, maana bila chitala habari hii haieleweki. Katikati ya uwanja palikuwa na paa la nyasi juu ya nguzo, lisilo na kuta. Hapo ndipo wanaume walipokula. Kila mke alipika kwake, akapakua, akafunika kwa kawa, na mtoto akapeleka. Sahani zote ziliwekwa pamoja, wanaume wakanawishwa, wakala kutoka sahani hii hadi ile, hakuna aliyekula yake peke yake. Waliijua kila sahani kwa alama ya ugali wake hata kabla hawajaonja. Na hapo ndipo mambo ya ndoa yalipojulikana. Mwanamke aliyemchoka mume hakupiga kelele wala hakwenda kwa shehe. Sahani yake ilikoma kuja chitalani. Mume angekula za wenzake siku moja, mbili, kisha wakubwa wangemwambia kwa upole, na angefunga mkeka wake arudi kwao. Hata mgonjwa, sahani yake ilipita chitalani kwanza, halafu wenzake wawili watatu waliibeba wakaenda kula naye kitandani. Mgonjwa hakuachwa ale peke yake. Ndivyo walivyofanya kwa baba mwanzoni.

Lakini mguu ulinuka. Mimi ndiye niliyefuata na chombo cha maji ya kunawa, na niliona. Siku za kwanza walikaa kitandani kwake. Kisha walikaa chini. Kisha mmoja akawa anakaa mlangoni, anasema anapenda upepo. Mwingine alikula upesi upesi kama anayekimbizwa, na mkono wake wa kushoto umeshika kola ya kanzu, puani. Hawakuwa watu wabaya. Baba aliwachekesha kama kawaida, lakini walipoondoka aligeuka ukutani. Mama alikuja kuchukua sahani, akakuta nusu haijaliwa. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua kisamvu, nikasikia baba anamwambia, "Kesho usiipeleke kule. Niletee hapa hapa. Nimechoka kuwalisha watu na pua wamezishika." Mama aliifunika sahani. Kisha akasema, "Haya."

Ukiniuliza siku tamu za utoto wangu, ni hizo. Mama alileta sahani moja chumbani, akaiweka juu ya kigoda, akakaa chini karibu na kitanda, akala naye. Kwetu mwanamke hakula na mumewe sahani moja, hata hao waliopendana, hawakufanya. Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka kwa homa, basi mama alichambua ng'onda, samaki mkavu, akatoa miiba mmoja mmoja, akaipanga pembeni mwa sahani kama sindano, akamsogezea nyama. Hakumlisha. Alisogeza tu, ili aokote mwenyewe. Mimi na mdogo wangu tulikula miguuni pao. Baba alisema sasa yeye ni sultani, ana mpishi, ana wajakazi, amebakisha meno ya dhahabu. Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona mama akicheka mbele ya baba. Chumba kilinuka kidonda na moshi wa majani, na mwanga wa lile tundu ulikuwa kwenye sahani. Nilitamani mguu usipone.

Kosa lao lilikuwa hilo. Lilikuwa kosa la huruma, na lingeweza kufanywa na watu wa kwetu tu, maana kwingine kula ndani si kitu. Wao ndani walikuwa hawajawahi kuwa karibu vile, na nje watu waliona kitu kimoja: sahani yenye mkia imekoma kuja. Fatu ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tumetumwa msituni kuchimba ming'oko, ile mizizi tunayochemsha, tumeinama kila mmoja kwenye shimo lake, akasema bila hata kuniangalia, "Baba yako anarudishwa ng'ambo. Mama anasema shangazi kashaikata sahani." Nikamwambia muongo, tunakula naye kila siku, mama anamtolea miiba. Fatu akainua uso wenye udongo. "Nani kawaona?" akauliza. Nimeishi miaka mingi na swali lile la mtoto mwenzangu. Ndiyo, nani kawaona?

Niliporudi nilimkuta mjomba Issa jikoni kwetu. Amekaa kwenye kinu kilicholazwa, magoti yake yamefika juu. Nilisimama nyuma ya ukuta wa fito na kapu langu. Mjomba hakuwa mtu mkatili, na leo nikiwa na watoto wa kuwatafutia namwelewa. Sisi tulikuwa midomo yake. Mvua zilikuwa zinapita na shamba la mama lilikuwa limelimwa nusu. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba amefurahi mama ameamua mwenyewe, hakutaka kumsukuma. Kwamba huyu bwana ni mtu mwema lakini mtu mwema asiyelima ni mgeni tu. Kwamba kwao ng'ambo kuna mama yake na dada zake, hao ndio wenye kumwuguza. Kwamba wamepanga watamwambia Ijumaa baada ya sala, kwa heshima, na vijana watambeba hadi mtoni. Mama alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ukasimama. "Nimeamua nini, kaka?" Mjomba akashangaa. "Si sahani?" Nilingoja mama aeleze. Ilikuwa rahisi tu, aseme kaka, si hivyo. Hakusema. Mwiko ukaanza tena kuzunguka, polepole, na akasema, "Ijumaa. Nimesikia." Mjomba aliondoka ameridhika. Mimi niliingia jikoni nikiwa nalia, na mama akaniambia nioshe hiyo ming'oko vizuri, mchanga unavunja meno.

Tangu pale hadi Ijumaa nilikuwa naishi machoni mwa mama. Alifua shati la baba jeupe, la pekee, akalianika ndani ili lisionwe. Alikwenda bondeni akarudi, akaenda tena, mpaka mtungi mkubwa ukajaa, na mke wa mjomba alikaa mlangoni kwake akiyahesabu maji hayo kwa macho. Nilidhani anamwandalia baba safari. Nilimchukia. Nilikaa na baba chumbani nikamshika kidole, naye alidhani nataka hadithi.

Ijumaa wanaume waliporudi msikitini mama alimwosha baba, mwili mzima. Akamvisha shati. Akapika ugali wa makopa yale aliyoyamenya baba mwenyewe, na kisamvu cha karanga, na ng'onda. Akaupiga ugali kwa mwiko, ule mkia ukasimama. Kisha hakuniita mimi niipeleke. Aliifunika sahani kwa kawa, akajitwika kichwani, akaja mlangoni kwa chumba akamwambia baba ainuke. Baba alikuwa ameshaambiwa na watu. Alikuwa kakaa kwenye ukingo wa kitanda, shati limempwaya. Akasema, "Zainabu, acha. Usinitie aibu mbele ya watu. Nitaondoka mwenyewe." Mama akamwambia, "Aibu nilikutia nilipokuficha. Shika bega."

Alishika bega. Mimi nilitangulia na chombo cha maji, mdogo wangu nyuma na kata. Uwanja wetu haukuwa mkubwa, mtoto aliuvuka kwa mbio fupi, lakini siku ile ulikuwa mkubwa. Mchana kweupe, mwanamke na sahani kichwani, mumewe kamwegemea bega mbele ya watu wote, mguu uliofungwa matambara unaburuzwa, na nzi wake. Kwetu mtu na mkewe hawakugusana uwanjani hata kwenye msiba. Wanawake walisimama milangoni. Mchi mmoja ulikuwa unatwanga mahali, ukanyamaza. Fatu alikuwa na sahani ya mama yake mikononi, akasimama nayo kati ya njia, mdomo wazi. Mama hakuharakisha wala hakuinamisha kichwa, na asingeweza kukiinamisha, alikuwa kabeba ugali. Alitembea kwa hatua za yule mguu mbovu. Hilo ndilo nililotazama: mama yangu mwenye miguu miwili mizima alichechemea pamoja naye, ili wawe sawa.

Alifika chitalani akaingia, mahali ambapo mwanamke hakanyagi wanaume wakiwa wameketi. Akamshusha baba kwenye mkeka, mahali pake pa siku zote. Akaiweka sahani katikati, akaondoa kawa. Kisha akasimama mbele ya kaka yake. "Kaka," akasema, "sahani yangu hii. Siku hizi haikuja kwa sababu nilikuwa nakula naye ndani, sahani moja, mimi na yeye. Ukitaka kumrudisha kwao, unirudishe na mimi huko. Nimeshazoea kula na huyu."

Hakuna mwanamume aliyemtazama mwenzake. Mwanamke kusema mbele ya wazee kwamba anakula sahani moja na mumewe, ilikuwa ni kama kusema mambo ya kitandani. Mmoja alianza kutengeneza kofia yake, akaitengeneza sana. Mama alikuwa ameshageuka anaondoka, na hakutazama nyuma. Nikabaki mimi. Kazi yangu ilikuwa kunawisha, na kunawisha kunaanza na mkubwa. Nikapiga goti mbele ya mjomba Issa, nikashika kata yenye maji. Asiponawa, hakuna atakayenawa, na asiyenawa hali. Mikono yake ilikuwa magotini. Aliutazama ugali ule wenye mkia, aliokula tangu mama ni binti. Aliyatazama makopa ya shemeji yake yaliyogeuka ugali. Aliutazama mguu. Kata iliinama mkononi mwangu na matone yakaanguka kwenye udongo, maji ya bondeni yanapotea hivihivi, nami nilijua akisimama tu baba yangu hana pa kula tena duniani.

"Somoe," akasema mjomba, "maji hayo unatuonyesha au unatunawisha?"

Akanyoosha mikono. Nilimmiminia mengi kupita kiasi, hakunikemea. Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka kwa baba. Mjomba alikata tonge la kwanza kutoka sahani ya mama, pale penye mkia, akalitafuna, akameza, kisha akasema kwa sauti yake ndogo, "Shemeji, mguu wako unanuka." Baba akajibu kwamba anajua, ndiyo maana ameuelekeza upande wa wale wanaoshika pua, wana mazoezi. Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Fatu ndipo akapata akili, akaja na sahani yake bapa, akaiweka kando ya yetu.

Mguu ulipona umepinda. Msimu uliofuata mjomba alimpa baba kazi ya kupanda mikorosho, kazi ya kuchimba mashimo umekaa na kusogea, na baba aliipanda yote ile mnayoiona mkitoka Nanyamba kushoto, imezeeka sasa lakini inazaa. Hakurudi ng'ambo. Amezikwa kwenye makaburi ya wakwe zake, na mjomba Issa ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Hawakula ndani tena, mama na baba. Lakini sahani yenye mkia haikukosa chitalani hata siku moja hadi mama alipofariki.

Mimi mume wangu wa kwanza alikula chakula changu kwa miaka bila kunitazama, nami nilimrudisha kwao bila kelele, nilijua inavyofanywa. Wa pili ndiye huyu niliyemzika. Tulianza na karai moja la kukaangia muhogo karibu na geti la bandari, mimi nakaanga, yeye anamenya, na wabeba mizigo walimcheka. Aliniuliza mbona sioni aibu. Nikamwambia nimezoea. Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ukafa na chakula kikawa kinamtoka pembeni mwa mdomo, wanangu walifanya kikao. Hamisi, mkubwa wao, mtu wa Dar es Salaam, alisema kwa mapenzi kabisa kwamba baba atengewe chumba cha nyuma chenye feni na runinga, apate utulivu, tena wateja hawatajisikia vibaya. Asubuhi nilimvisha mzee shati jeupe nikamweka meza ya mbele, ile ya mlangoni, nikakaa naye nikamtolea samaki miiba, nikamsogezea. Hamisi alikuwa amesimama kaunta. Wateja wengine walihama, na wahame. Waliobaki walimsalimia kila siku kwa jina mpaka alipofariki, na kijiko kilipomwangukia kulikuwa na mtu wa kukiokota.

Sasa nirudi siku ya arobaini, mimi na Fatu tumekaa mlangoni kwa jiko tunatazama watu wakila uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mke wa Hamisi hakuwepo. Ametoka hospitali karibuni, dawa zimemnyoa nywele na kumkausha, alikuwa amejifungia chumba cha ndani asionwe na wakwe. Fatu alikuwa bado ananikera kuhusu ugali. Mara nikamwona Hamisi ametoka ndani, kashika sahani mkono mmoja, na bega lake la pili limeshikwa na mkewe. Wakatembea polepole kati ya wageni wote, wenye magari na wenye baiskeli, hadi kwenye mkeka wa mbele. Akamketisha. Akakaa naye, upande wa wanawake, mwanamume mzima mwenye suti, akaanza kutoa miiba, anaipanga pembeni mwa sahani. Hamisi hakumwona bibi yake, mama yangu, alizaliwa tumeshamzika. Habari hizi sikuwahi kumsimulia.

Fatu akausahau ugali. Kisha akanigusa goti kwa fimbo yake.

"Somoe," akasema, "unamwona shangazi anapita?"